Mizani inasema 27, koleo linasema 19: niamini kipimo kipi cha mafuta ya mwili?

Mtembezi wa Alfajiri

Salaam kwenu nyote. Nina umri wa miaka 41, urefu wangu ni sentimita 174, na asubuhi ya leo nilikuwa na uzito wa kilo 82. Kinachonisumbua si uzito wenyewe bali ile namba nyingine ambayo wengi wetu tunaikimbiza bila kuulizana imetoka wapi, yaani asilimia ya mafuta mwilini. Ndani ya wiki moja nimepimwa kwa njia tatu, nami nimepata majibu matatu. Mizani yangu ya nyumbani, ile ya kusimama pekupeku juu ya vibati vya chuma, imenipa asilimia 27. Mkufunzi wa mazoezi amenibana ngozi kwa koleo kifuani, tumboni na pajani, akapata milimita 13, 27 na 19, kisha akafungua jedwali lake na kuniandikia asilimia 19. Jana usiku nikachukua tepu, nikapima shingo sentimita 38 na kiuno sentimita 90, nikaziingiza namba hizo katika kanuni inayojulikana kuwa ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, nikapata karibu 21.

Kwa mtu wa uzito wangu, tofauti kati ya 19 na 27 ni kilo 6 na nusu za mafuta. Mzigo huo ningebebeshwa mgongoni ningeujua mara moja, sasa inakuwaje vyombo vishindwe kukubaliana kama ninao au sina? Nimeambiwa pia kuhusu DEXA, kile kipimo cha mwili mzima kwa eksirei, nami ningependa kujua kama ndiyo hakimu wa mwisho, au kama inatosha nikichukua wastani wa namba hizi tatu.

Jambo la pili ndilo linaloninyima raha zaidi. Miezi miwili iliyopita nilikuwa na kilo 85 na mizani ilisoma asilimia 28. Nikipiga hesabu, mafuta yangu yalikuwa kilo 23.8 na sasa ni kilo 22.1, kwa hiyo katika kilo 3 nilizopunguza, mafuta ni kilo 1.7 tu. Je, hizo kilo 1.3 nyingine ni misuli niliyoipoteza?

Mkono wa Koleo

Ndugu Mtembezi, mimi hutumia koleo karibu kila siku, kwa hiyo niruhusu nianze na aibu ya chombo changu mwenyewe.

Mahali pale ulipobanwa ndipo panapotajwa na kanuni ya Jackson na Pollock ya mwaka 1978 kwa wanaume: kifua, tumbo na paja. Kwa wanawake ilifuata kanuni ya mwaka 1980, ambayo hutumia nyuma ya mkono wa juu, juu kidogo ya mfupa wa nyonga, na paja. Milimita zako tatu zikijumlishwa ni 59, na kwa umri wako kanuni inatoa asilimia 18.9, kwa hiyo mkufunzi wako hakukosea hesabu. Sasa chukua ule mkunjo wa tumbo peke yake. Unatakiwa kushikwa wima, sentimita 2 pembeni mwa kitovu, kwa kidole gumba na cha shahada. Taya za koleo zikae sentimita 1 kutoka vidoleni, na namba isomwe sekunde moja au mbili baada ya kuachia mpini. Anayechelewa hupata namba ndogo, kwa sababu koleo sahihi hukandamiza kwa nguvu ya gramu 10 kwa kila milimita ya mraba na mafuta yaliyobanwa huendelea kutawanyika huku sindano ikishuka. Anayeshika mkunjo mwembamba kuliko unaotakiwa, kwa kumwonea huruma mteja anayekunja uso, naye hupata namba ndogo. Ukipimwa na mtu mwingine akasoma 32 badala ya 27, jumla inakuwa 64 na asilimia inapanda hadi 20.3, ilhali mwili wako haujabadilika hata kidogo.

Katika mwaka wangu wa kwanza nilimpima bwana mmoja asubuhi, naye akarudi jioni kuchukua karatasi aliyoisahau. Kwa kujiamini nikampima tena mbele ya mwenzangu, nikapata tofauti ya milimita 9 katika jumla. Tangu siku hiyo sipimi bila kuweka alama ya kalamu kwenye ngozi, na kila mahali hupima mara mbili kwa mzunguko, si mara mbili papo hapo, ili mkono usikumbuke namba ya kwanza.

Hata mpimaji akiwa hodari, kanuni yenyewe ina kosa la kadirio la pointi 3 hadi 4 za asilimia juu au chini kwa mtu mmoja mmoja. Isitoshe, koleo huona mafuta yaliyo chini ya ngozi tu, na yale yanayozunguka ini na utumbo hayabaniki. Ndiyo sababu wateja wangu siku hizi siwaandikii asilimia. Ninawaandikia jumla ya milimita. Ikishuka kutoka 59 hadi 50, kitu fulani kimepungua kweli, na hakuna kanuni iliyoingia katikati kutuchanganya.

Mwalimu wa Fizikia

Ninakubaliana na ndugu hapo juu, ila ningependa kuanzia hatua moja nyuma. Hakuna chombo hata kimoja kati ya hivyo vitatu kilichopima mafuta. Koleo limepima unene wa mkunjo wa ngozi, tepu imepima mzingo, na mizani imepima ukinzani wa umeme. Mafuta yenyewe hayakuguswa na yeyote. Yamekisiwa kutokana na watu wengine waliopimwa zamani, ambao huenda wanafanana nawe au hawafanani.

Tuanze na mizani, kwa kuwa ndiyo iliyokupa namba kubwa. Hupitisha mkondo hafifu sana wa umeme, chini ya miliampea 1, kwa kawaida wenye mzunguko wa kilohezi 50, kutoka wayo mmoja hadi mwingine. Misuli ina maji mengi yenye chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme vizuri, wakati mafuta hupitisha kwa shida. Kutokana na ukinzani huo mizani hukisia maji ya mwili, kisha hudhani kwamba maji ni asilimia 73 ya mwili usio na mafuta, na kinachobaki katika uzito wako ndicho inachokiita mafuta. Angalia ni makisio mangapi yamepandana! Zaidi ya hapo, umeme hupita njia fupi, kwa hiyo unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine, na sehemu kubwa ya kiwiliwili chako, pamoja na mikono, haikupimwa. Imejazwa kwa kanuni inayotumia umri, urefu, uzito na jinsia uliyoandika siku ya kwanza uliponunua chombo. Mwenye tumbo kubwa na miguu ya mpanda baiskeli hupewa sifa asiyostahili, na mwenye umbo la kinyume hulaumiwa bure.

Jaribu jambo hili siku moja: jipime, kunywa lita 1 ya maji, kisha jipime tena papo hapo. Nilipofanya hivyo, uzito wangu uliongezeka kwa kilo 1 na mafuta yakapanda karibu pointi 1. Maji yalikuwa bado tumboni na hayajabadilisha ukinzani wa miguu, kwa hiyo mashine ikayahesabu karibu yote kuwa mafuta. Baada ya saa kadhaa, maji yakishaenea mwilini, namba inaweza kuelekea upande mwingine. Ngozi yenye joto na nyayo zenye jasho nazo hupunguza ukinzani, ndiyo maana mtu akitoka mazoezini huonekana mwembamba ghafla. (Mwenye kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo ya moyo asiipande kabisa mizani ya aina hii.)

Kuhusu wastani, hapana. Wastani husaidia pale makosa yanapotawanyika huku na huku bila mpangilio. Hapa kila njia ina mwelekeo wake, na kuchanganya makosa matatu ya aina tatu kunakupa kosa la nne lenye sura ya heshima.

Labda utauliza kanuni hizo zilisahihishwa kwa kutumia nini. Nyingi zilisahihishwa kwa densiti ya mwili, yaani uzito ukigawanywa kwa ujazo, iliyopatikana kwa kumpima mtu uzito chini ya maji. Albert Behnke wa Jeshi la Wanamaji la Marekani ndiye aliyeipa njia hiyo umaarufu mwaka 1942, na kwa njia hiyo ilionekana kwamba wachezaji wa kandanda ya Kimarekani waliokataliwa na majedwali ya uzito walikuwa na misuli mingi, si mafuta. Mafuta yana densiti ya karibu kilo 0.9 kwa lita na sehemu nyingine ya mwili hudhaniwa kuwa na 1.1, na kutokana na namba hizo mbili mtafiti aitwaye William Siri akaunda kanuni yake: gawanya 495 kwa densiti, kisha toa 450. Mtu mwenye densiti ya 1.050 anapata asilimia 21.4. Lakini huwezi kuitoa hewa yote mapafuni ukiwa chini ya maji, na kwa mwili wa kilo 82 kukosea desilita 1 tu ya hewa iliyobaki kunasogeza jibu kwa pointi 0.6. Tena ile 1.1 ilitokana na maiti wachache sana. Mwenye mifupa mizito hana 1.1, ana zaidi, naye huonekana mwembamba kuliko alivyo. Kwa sababu hiyo mwaka 1984 ilipendekezwa kanuni nyingine kwa wanaume weusi, ambayo kwa densiti ile ile ya 1.050 hutoa zaidi ya 23. Kuna pia kile chumba kidogo chenye umbo la yai kinachopima ujazo wa mwili kwa hewa badala ya maji. Mtu hukaa ndani akiwa na nguo ya kubana na kofia ya kuogelea. Ni raha zaidi kuliko kuzamishwa, lakini kinapata densiti ile ile na kurithi dhana ile ile.

Dada wa Eksirei

Kwa kuwa DEXA imetajwa, nami ndiyo kazi yangu, niseme machache.

Mashine hupitisha eksirei za nguvu mbili tofauti, na kwa kulinganisha jinsi kila moja inavyofifia ikipita mwilini, hutenganisha madini ya mifupa na nyama laini, kisha hutenganisha nyama laini hiyo kuwa mafuta na isiyo mafuta. Mionzi yake ni kidogo sana, ya kiwango kinacholingana na ile ambayo mtu huipata kutoka katika mazingira yake kwa siku moja hivi, ingawa mjamzito hatumpimi. Ubora wake juu ya njia zilizotangulia ni kwamba haidhanii uzito wa mifupa yako, inaupima, na kwamba inaonyesha mafuta yako wapi: mkono huu, mguu ule, tumbo.

Lakini hakimu wa mwisho, kaka yangu, siyo. Mahali penye mfupa, mashine haiwezi kutenganisha vitu vitatu kwa miali miwili, kwa hiyo hukisia mafuta ya hapo kwa kutazama eneo la jirani lisilo na mfupa. Kifuani, ambako mbavu zimejaa, makisio hayo ni mengi. Kompyuta za watengenezaji tofauti hazitumii hesabu moja. Niliwahi kuletewa karatasi mbili za mtu mmoja, zilizotoka katika mashine mbili ndani ya siku kumi, zikiwa na tofauti ya pointi 4, na mwenyewe alikuwa amekwisha kuamua kwamba mazoezi ya wiki moja yamemnenepesha. Nilimweleza kwamba asilinganishe mashine na mashine, bali alinganishe nafsi yake na nafsi yake juu ya kitanda kilekile. Akirudia mashine ileile, katika hali ileile, tofauti kwa kawaida huwa ya takriban pointi 1.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba kile kinachoandikwa kwenye karatasi kama sehemu isiyo mafuta si misuli peke yake. Ini limo humo, damu imo, na maji uliyokunywa ukiwa njiani yamo pia. Watafiti wanaotaka jibu la kuaminika kabisa huunganisha vipimo kadhaa, yaani densiti, maji ya mwili, madini ya mifupa na uzito, ili wasilazimike kudhania chochote kikubwa. Hilo ni la maabara, si la mtu anayetaka kujua kama suruali itamtosha.

Mtembezi wa Alfajiri

Nawashukuru sana. Nimelijaribu lile la lita moja ya maji na kweli mizani imepanda kutoka 27.0 hadi 27.8, nami nimecheka peke yangu bafuni. Naona hakuna aliyeitetea wala kuishambulia tepu. Je, hiyo 21 ina thamani yoyote?

Kiuno Kwanza

Nitaitetea mimi, ingawa kwanza nitaiharibia sifa. Ile kanuni ya wanamaji, iliyotengenezwa na Hodgdon na Beckett mwaka 1984, hutumia kiuno, shingo na urefu kwa wanaume, na kwa wanawake huongeza nyonga. Kwa kiuno cha sentimita 90 inakupa 20.8. Ukikilegeza kiuno hadi 92, jambo linalowezekana kwa kupumua tu, inakupa 22.2. Sasa kuna kanuni nyingine ya tepu, ya Woolcott na Bergman ya mwaka 2018, iliyo nyepesi kiasi cha kufanyika kichwani: kwa mwanamume, gawanya urefu kwa kiuno, zidisha kwa 20, kisha toa jibu hilo katika 64. Kwa mwanamke anza na 76. Wewe unapata 25.3. Tepu ileile, mtu yuleyule, na kanuni mbili zimeachana kwa zaidi ya pointi 4.

Tena hazikubaliani hata kiuno ni wapi. Kanuni ya wanamaji humtaka mwanamume apime usawa wa kitovu. Ile ya 2018 ilitokana na watu waliopimwa juu ya ncha ya mfupa wa nyonga. Shirika la Afya Duniani nalo hupendekeza katikati, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa huo wa nyonga. Kwa mtu mwembamba sehemu hizo tatu hukaribiana, lakini kwa mwenye kitambi zinaweza kutofautiana kwa sentimita kadhaa. Chagua moja, tafuta alama ya mwili isiyohama, na usiibadilishe.

Hata hivyo, kama ningelazimika kubaki na chombo kimoja, ningebaki na tepu na kuitupa asilimia. Mafuta yanayohusishwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo ni yale ya ndani ya tumbo, na hayo husukuma kiuno nje hata kama koleo haliyaoni. Mwongozo uliotolewa na taasisi ya NICE ya Uingereza mwaka 2022 ulishauri kiuno kisifikie nusu ya urefu. Nusu ya urefu wako ni sentimita 87. Unajua basi kwamba una sentimita 3 na kidogo za kushughulikia, na hilo limepatikana bila umeme wala eksirei.

Mkono wa Koleo

Kiuno ni kizuri kwa afya, sibishi. Lakini mtu anayeinua vyuma, ambaye kiuno kimesimama palepale miezi mitatu huku mapaja na mgongo vikibadilika, tepu ya kiunoni haimwambii chochote, na hapo ndipo mimi na koleo langu tunapopata riziki.

Mwalimu wa Fizikia

Naona lile swali la misuli bado linaning'inia, nalo ndilo lililomnyima raha mwenzetu, kwa hiyo tulifanyie hesabu.

Mizani ilisoma 28 ukiwa na kilo 85, na 27 ukiwa na kilo 82. Tuseme ile ya kwanza ilikuwa sahihi, na ya pili imekosea kwa pointi 1 tu, jambo ambalo wewe mwenyewe karibu umelitengeneza kwa lita ya maji. Kama ukweli ni 26, una kilo 21.3 za mafuta, na katika kilo 3 ulizopunguza, 2.5 zilikuwa mafuta. Kama ukweli ni 28, una kilo 23, na mafuta uliyopoteza hayafiki kilo moja. Hadithi ya kwanza ni ya kufurahisha, ya pili ni ya kusikitisha, na mizani haiwezi kukuambia ni ipi. Badiliko unalolitafuta ni dogo kuliko mtikisiko wa chombo unachokitumia.

Ongeza na hili: mtu anapoanza kula kidogo, mwili hutumia kwanza akiba ya wanga iliyo katika misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo huambatana na takriban gramu 3 za maji. Vyote huhesabiwa katika sehemu isiyo mafuta. Unaweza kupoteza kilo moja na zaidi ya sehemu hiyo bila kupoteza uzi mmoja wa msuli, na ukairejesha kwa siku chache za kula vizuri. Kama unataka dalili ya misuli, tazama kama uzito unaoweza kuunyanyua umepungua. Usipopungua, sioni sababu ya kuomboleza.

Mtembezi wa Alfajiri

Haujapungua, Mwalimu. Umeongezeka kidogo.

Basi mizani nitaipanda mara moja kwa siku, baada ya msalani na kabla ya kunywa chochote, na nitaandika wastani wa wiki badala ya namba ya siku. Kiuno nitakipima usawa wa kitovu kila Jumapili mwisho wa kutoa pumzi, na koleo nitabanwa na mkufunzi yuleyule kila baada ya wiki sita, kwa milimita. DEXA nimeiahirisha. Swali moja dogo kwa ndugu wa koleo: mkufunzi wangu hutumia mkono wa kushoto na alinipima upande wa kushoto. Nimwachie?

Mkono wa Koleo

Mwombe ahamie kulia, ndugu yangu. Kanuni hizo zilitengenezwa kwa upande wa kulia, hata kwa wanaotumia kushoto, na milimita zako 59 za mwanzo itabidi zichukuliwe upya.